Sigara ndani ya gari yenye watoto: sheria, elimu au nusu kwa nusu? Nimeziweka ubavu kwa ubavu

Mtandio wa skuli wa mwanangu una tundu. Dogo tu, kama punje ya choroko, ukingo wake mweusi umekakamaa. Haukuungua jikoni wala haukunasa msumarini, ni cheche ya sigara ya dereva, ilitoka dirisha la mbele ikapeperushwa na upepo ikaingia dirisha la nyuma ikamtua mtoto begani. Ana miaka saba. Alipofika nyumbani kitu cha mwanzo alichoniambia ni "mama usinigombeze, si mie n'lochoma". Nikamvua ule mtandio nikaunusa, wallahi ulikuwa unanuka moshi kama nguo ya mtu mzima alotoka barazani kuvuta, na huyu ni mtoto alokaa kwenye gari nusu saa tu kutoka skuli mpaka nyumbani.

Toka siku ile hili suala halinitoki kichwani: serikali ipige marufuku kuvuta sigara ndani ya gari iliyobeba mtoto au tuachiwe wenyewe tuelimishane? Huku kwetu Pemba nimelisikia likizungumzwa na kila mtu ana lake. Wapo wanaotaka sheria kamili, gari yoyote, ya mtu binafsi au ya biashara, ukiwa na mtoto ndani usiwashe. Wapo wanaosema sheria ya nini, watu wafundishwe tu, wakijua madhara wataacha. Na wapo wa katikati, wanataka sheria lakini iguse gari za biashara peke yake, daladala, gari za kukodi na hizi gari zinazobeba watoto wa skuli, gari ya mtu na familia yake aachiwe mwenyewe. Nimezipima zote tatu, nazieleza hapa ili kila mtu apate kuchagua, na ninachokichagua mie nitakisema wazi sitaficha.

Kwanza tukubaliane kuhusu huo moshi

Hapa sitakaa sana kwa sababu wengi mnajua. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000 na kiasi ya 70 katika hizo zinajulikana kuleta saratani. Shirika la Afya Duniani linasema kila mwaka moshi huu unaua zaidi ya watu milioni 1 ambao wao wenyewe hawavuti, wamekaa tu karibu na mvutaji. Mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima, njia zake za pumzi nyembamba, mapafu bado yanakua, kwa hiyo moshi ule ule unampata zaidi. Pumu inazidi, mkamba, nimonia, masikio kuuma na kutoka usaha, na kwa mtoto mchanga unaongeza hatari ya kufa ghafla usingizini. Na gari ni kijisanduku, hewa yake kidogo, moshi hauna pa kwenda.

Watu watakwambia "mie nashusha kioo". Kushusha kioo kunapunguza, hakumalizi. Gari ikienda upepo unaingia na kutoka na kuzunguka humo humo ndani, na moshi anoutoa wa mbele unapita kwa walokaa siti ya nyuma, na wanaokaa nyuma ndo watoto. Ile cheche ya mwanangu ilipita njia hiyo hiyo na vioo vyote vilikuwa chini.

Ila jambo moja nawaomba, kuna namba inazungushwa sana kwamba moshi ndani ya gari una sumu mara 23 kuliko ndani ya nyumba. Msiitumie. Watafiti waliifuatilia mwaka 2010 wakakuta haina utafiti wowote nyuma yake, ilianzia kwenye gazeti halafu kila mmoja akainukuu kwa mwenzake. Kweli iliyopo ni nzito ya kutosha, na mvutaji akikukamata na namba isiyo na asili hatokusikiliza tena hata ukimwambia ya kweli.

Wenzetu walofanya sheria wamefanyaje

Australia Kusini walianza 2007. England na Wales sheria yao iliingia tarehe 1 Oktoba 2015, gari yoyote ya binafsi yenye mtu chini ya miaka 18 ndani, faini walianza na pauni 50, na anaweza kutozwa mvutaji na dereva pia hata kama dereva mwenyewe havuti, kwa sababu kaachia. Kioo kiwe juu kiwe chini haijalishi. Scotland wakafuata Disemba 2016, wao faini pauni 100. California walianza Januari 2008, na kwao polisi haruhusiwi kukusimamisha kwa sigara peke yake, mpaka awe kakusimamisha kwa kosa jengine.

Msije mkasema hayo mambo ya kizungu, hapa hapa karibu Afrika Kusini wanakataza ukiwa na mtoto chini ya miaka 12. Falme za Kiarabu, hapo Dubai wanakokwenda watu wetu kila siku kuchukua mali, wanakataza pia chini ya miaka 12. Na Mauritius, kisiwa kama sie, bahari yetu hii hii ya Hindi, wao wamekwenda mbele kuliko wote, ukiwa na abiria ndani ya gari yako binafsi huvuti, hawakuuliza hata umri.

Elimu: uzuri wake na inapokwama

Elimu mie siidharau, nataka hilo lieleweke. Inaingia pahala ambapo trafiki haingii. Njia ya Makangale au huko Micheweni ndani ndani unaweza kwenda na kurudi wiki nzima hujamuona askari hata mmoja, lakini msikiti upo, skuli ipo, kliniki ya mama na mtoto ipo, sheha, kiongozi wa mtaa, yupo, redio inasikika. Elimu haina faini, haimuumizi mtu maskini mfukoni, haimpi mtu nafasi ya kuomba chai. Na inamfuata mtu mpaka nyumbani kwake, kwa sababu mtu akielewa kwa nini asivute ndani ya gari anaelewa pia kwa nini asivute chumbani alipolala mtoto, sheria ya gari haifiki chumbani.

Sasa nikwambieni kilichonitokea mie mwenyewe, ndo mtaelewa kwa nini elimu peke yake sikubaliani nayo.

Mwanangu wa pili ana pumu. Mwaka jana mwezi wa Aprili, masika yenyewe yale ya mvua ya kutwa, kifua kikambana asubuhi na sie tulikuwa Konde kwa mama. Nikatoka njiani na mtoto mgongoni natafuta gari ya kwenda hospitali mjini Chake Chake. Akapita mzee mmoja tunamjua, anaijua familia yetu, akasimama mwenyewe bila kumpungia. "Shikamoo ami." "Marahaba mwanangu, ingia ingia, mtoto kafanyaje?" Tukaingia. Mvua inapiga, vioo vyote kavipandisha juu, tumefika mbele kidogo nasikia laita, tch, kaiwasha.

Nilifanyaje? Sikusema kitu. Nimechukua ule mkoba wangu nampepea mtoto usoni, natazama nje. Mtoto anavuta pumzi mabega yanapanda juu, ile sauti ya filimbi kifuani naisikia mpaka mimi, na moshi umeganda kwenye kioo cha mbele mpaka mzee mwenyewe anaufuta kwa kitambaa aione njia. Ningesema nini? Kanibeba bure, ana umri wa baba yangu, kama si yeye ningekuwa bado nimesimama kwenye mvua. Na wala si mtu mbaya, tulipofika hospitali alitusubiri na kaninunulia maji. Tena wakati tunakwenda alinambia kwa mdomo wake, kaishika ile sigara kaitazama, "hizi zinaua mwanangu, mie zimenishinda kuziacha".

Yaani anajua. Elimu anayo, pengine kuliko mimi. Asichokuwa nacho ni sababu ya kuizima wakati ule, na mie sikuwa na neno la kumwambia aizime.

Nani anaweza kusema "zima"?

Hapa ndo mzizi wa fitina kwa upande wangu, na ndo pahala ambapo njia hizi tatu zinaachana kabisa.

Elimu inamtaka mtu aseme. Mke amwambie mume, mtoto amwambie ami yake, abiria amwambie dereva. Kwa sie huku ni nani anasema hayo? Mtoto wa miaka saba amwambie mkubwa "zima sigara yako"? Ataambiwa hana adabu, na mama yake ataambiwa hakumfundisha. Mke amwambie mumewe mbele za watu? Mie nilobebwa kwa hisani nimwambie mwenye gari? Mnajua majibu yenu.

Halafu tazameni jambo hili, nimeliona toka mdogo. Mwanamme wa miaka 40, ana wake na watoto, yuko barazani anavuta, akimuona baba yake anatokeza kule anaifinya ile sigara kwenye kiganja, mwengine anaungua mkono na hasemi. Kwa nini? Heshima. Hakuna sheria, hakuna faini, hakuna trafiki, ni heshima tu, anaona haya kumpulizia mzee wake moshi. Basi nikawa najiuliza, ile heshima inapanda juu tu? Kwa baba sigara inafichwa kiganjani, kwa kitoto cha miezi sita kilichopakatwa siti ya mbele inawashwa bila hata kugeuza uso. Na baba mtu mzima yule akitaka angeweza kunyanyuka akaenda zake, mtoto hawezi, kafungiwa mlango.

Na msiniambie mvutaji hawezi kujizuia. Mwezi wa Ramadhani wavutaji wote wa kisiwa hichi wanakaa toka alfajiri mpaka magharibi, siku 29 au 30, na kazi wanafanya na gari wanaendesha. Wete mpaka Chake ni kiasi ya kilomita 30. Aloweza kutwa nzima nusu saa haimshindi.

Sheria inachofanya ni kumpa mnyonge neno la kusema. Ningekuwa na sheria siku ile ningemwambia ami kwa adabu kabisa, sauti ya chini, "ami, ile sheria ya watoto, tusije tukasimamishwa pale mbele ukasumbuliwa kwa ajili yetu". Hapo simfundishi, simvunjii heshima, namhurumia yeye. Angeizima na angenishukuru. Mke hali kadhalika, "baba fulani, si unajua wamekataza". Lawama linakwenda serikalini, nyumbani hapagombani.

Na hili la kwamba sheria inafanya kazi hata bila ya faini si la kubuni. Kule England miezi ya mwanzo polisi karibu hawakumtoza mtu, walitoa maonyo machache tu, watu wakacheka wakasema sheria imekufa. Lakini watafiti walipowauliza watoto wa miaka 13 mpaka 15, wakafananisha na Scotland ambayo wakati huo sheria yao ilikuwa bado, wakakuta watoto wa England wanaovutiwa sigara mara kwa mara ndani ya gari wamepungua kwa kiasi ya asilimia 72. Elimu nchi zote mbili zilikuwa nayo. Mie nasema watu walipata neno la kusema, na wenye gari walipata sababu.

Hofu za wasiotaka sheria, na nazo nizipime

"Gari ni yangu nimeinunua kwa pesa yangu." Kweli. Na ndani ya gari hiyo hiyo yako unaambiwa uwe na leseni, taa ziwake, breki zishike, ufunge mkanda, na hujasema gari ni yangu. Hofu hii kwangu ni nyepesi naipita.

"Wataacha kuvuta garini watahamia kuvuta nyumbani." Hili nililiogopa mwenyewe. Scotland walipokataza kuvuta ndani ya majengo ya umma mwaka 2006 watu walisema hivyo hivyo, wakapima, hawakukuta kwamba watoto wanavutiwa zaidi majumbani. Mtu akizoea kutoka nje kuvuta anazoea.

"Itakuwa mradi wa trafiki." Hii ndo nzito na sitaki kuichezea, wanaoisema wana haki ya kuogopa, hakuna anayependa sababu mpya ya kusimamishwa njiani na kuambiwa "tuzungumze". Lakini hapa ndo nnaipenda njia ya California. Trafiki asiwe na ruhusa ya kusimamisha gari kwa sigara peke yake. Akiwa kakusimamisha kwa jengine, taa haiwaki au umejaza abiria, na akaikuta sigara na mtoto, basi hapo aandike. Na mwaka wa mwanzo liwe onyo tu hakuna faini. Mtu atasema sasa hiyo sheria ina meno gani? Meno yake ni yale nilosema, ipo mdomoni mwa mama alokaa siti ya nyuma. Huyo ndo askari wake.

"Sheria tunazo nyingi hazifuatwi." Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku sie Zanzibar mwaka 2006, Bara walikuja kufanya 2019. Haikwisha siku moja na ilipenya sana kwa magendo, lakini leo ukienda sokoni na kikapu hakuna anayekushangaa, na anayekupa mfuko wa plastiki ndo anayetazama pembeni kwanza. Aibu imehama upande. Hicho ndo nnachokitaka kwenye sigara.

Nusu kwa nusu

Njia ya kati, gari za biashara na za skuli tu, ina watu wazuri wanaoitetea na nnaelewa kwa nini. Ni rahisi kuanza nayo. Gari za biashara zina namba, zina vibali, zina mwenyewe anayejulikana, unaweza kumwambia hupewi kibali mpaka ukubali. Na daladala si ya mtu peke yake, ni pahala pa watu wote, nani atabisha? Ingekuwa ipo na inasimamiwa mtandio wa mwanangu usingekuwa na tundu.

Lakini fikirini watoto wetu wanapandaje gari huku. Wangapi wanapanda gari ya kulipia kila siku? Wengi wanapanda ya ami, ya mjomba, ya jirani, ya baba yao, lifti ya mtu wa shehia. Tukienda harusini tunajazana kwenye gari ya shemegi watoto wamepakatana watatu watatu. Mavuno ya karafuu yakifika watoto wanapanda gari yoyote inayokwenda shamba. Hii njia ya kati ingemkinga mwanangu wa mtandio ikamwacha mwenzake mwenye pumu kwenye gari ya mzee vioo vimepandishwa. Na hata yule wa mtandio inamkinga saa moja ya kwenda na kurudi skuli, jioni akipanda gari ya mjomba wake hana kinga.

Tena kuna kitu kinaniudhi hapo, sheria ikisema gari ya biashara huvuti, ya binafsi vuta, watu wataisoma kwamba mtoto wa mwenzio ni haramu kumvutia ila wako mwenyewe ni ruhusa. Hapana jamani.

Sasa wewe uchague ipi

Mie nachagua sheria kamili, ikienda mguu kwa mguu na elimu, na sheria itangulie kwa sababu elimu tunayo miaka na miaka na mzee wa Konde anayo. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo hatuna haja ya kumngoja mtu Dodoma, ni kazi ya Baraza la Wawakilishi letu wenyewe pale Chukwani. Umri uwe miaka 18, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 tayari inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, hii miaka 12 ya Afrika Kusini na ya Falme za Kiarabu siitaki, mapafu ya mtoto wa miaka 13 nayo ni mapafu, na trafiki atajuaje huyu kumi na moja huyu kumi na tatu. Awajibike mvutaji, na dereva awajibike pia kama Waingereza walivyofanya, maana dereva ndo mwenye kauli ndani ya gari. Sigara za umeme nazo ziingizwe toka mwanzo, England waliziacha nje, sie tusiziache, vijana wetu mjini Unguja ndo wanazozivuta na wanaziita hazina kitu.

Kama wewe una wasiwasi mkubwa na faini kuliko moshi, basi angalau chagua nusu kwa nusu uidai ya gari za skuli wiki hii hii, usiseme elimu halafu ukakaa kimya, kwa sababu anayechagua elimu inabidi yeye mwenyewe akaseme, na kusema ndo kugumu. Na kama wewe ndo mvutaji unayesoma hapa sikutukani kaka yangu, najua zinavyoshika. Simamisha gari, shuka, vuta huko nje mbali na mlango, halafu rudi. Watoto watakusubiri, wamezoea kusubiri.

Sheria bado haijaja, kwa hiyo yule dereva wa skuli tulimwendea wenyewe. Nilitafuta kina mama wengine wenye watoto gari ile ile tukawa wanne, peke yangu nisingeweza. Tulimwambia "kaka, watoto wakishaingia sigara itoke. Ukitaka kuvuta vuta kwanza wakusubiri, sie hatutogomba ukichelewa dakika tano." Akanyamaza, halafu akasema hewala. Siku hizi anavuta chini ya mwembe nje ya skuli kabla ya kengele, watoto wakitoka kipisi keshakizima kwa kiatu, na gari ile imeanza kupungua harufu ingawa viti bado vinanuka ukivigusa kwa karibu.

Yule tulimuweza kwa sababu tunamlipa. Ami wa Konde hatumlipi kitu. Juzi nilikuwa kituoni kule kule na mwanangu, akapita, akasimama, akafungua mlango, "ingieni, mnakwenda Chake?" Sigara iko mkononi kwenye usukani. Nikamwambia ahsante ami, tumeshapata gari inakuja. Tukasimama pale kwenye jua saa nzima, mtoto ananiuliza gari gani mama, gari gani inayokuja.